Seva ya nyumbani isiyo na skrini: Mfumo upi utakufaa ukiwa mbali?

WAHENGA walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukweli wa methali hii humdhihirikia kila aliyewahi kuiacha tarakilishi katika nyumba moja naye akaishi katika nyumba nyingine, kisha siku moja akaiita kupitia intaneti nayo ikanyamaza.

Chukua mfano huu. Unafanya kazi jijini Nairobi ilhali wazazi wako wanaishi Mombasa. Umetwaa kisanduku cha tarakilishi kuukuu iliyokuwa ya ofisini, ukakiweka juu ya kabati sebuleni mwao, ukakiunganisha na ruta pamoja na diski kubwa ya nje. Humo mna picha za familia, nakala za hatimiliki ya shamba, vyeti vya shule na hesabu za duka la baba. Kila jamaa, awe Nairobi au ughaibuni, huzifungua stakabadhi hizo kwa simu yake ya rununu.

Hiyo ndiyo huitwa seva ya nyumbani: tarakilishi ambayo kazi yake ni kukesha usiku na mchana ikizihudumia nyingine. Hakuna mtu anayeikalia. Haina skrini, haina kibodi wala kipanya, na kwa sababu hiyo mafundi huiita mashine isiyo na kichwa. Mwenyewe huiamrisha akiwa mbali.

Sasa, usiku mmoja umeme unapotea, kisha unarudi. Asubuhi mama anakupigia simu: "Mwanangu, kile kisanduku chako chawaka taa, lakini picha za arusi hazifunguki."

Huenda mashine haijaharibika hata kidogo. Imekwama tu katikati ya safari ya kuamka, ikiuliza swali kwenye skrini isiyokuwepo na kungoja jibu kutoka kwa kibodi isiyokuwepo. Anayeweza kulijibu yuko umbali wa takriban kilomita 480.

Hapo ndipo uchaguzi wa mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayosimamia kila jambo ndani ya tarakilishi, unapogeuka kuwa suala la nauli. Kwa tarakilishi iliyo mbele yako, kosa dogo la mfumo hurekebishwa kwa kubonyeza kitufe. Kwa iliyo mbali, kosa hilohilo hugharimu tiketi ya kwenda na kurudi pamoja na siku mbili za kazi.

Kwa hivyo, anayechagua mfumo wa seva kama hii hapaswi kuuliza ni upi ulio na mapambo mengi au ulio mpya zaidi. Swali lake ni moja: ni mfumo upi hautanilazimu kupanda basi? Swali hilo linaweza kugawanywa katika vipimo vinne.

Kipimo cha kwanza ni kuamka. Umeme ukipotea na kurudi, mfumo sharti uwake, ujiunge na mtandao na kuanzisha huduma zake zote bila mtu kuandika neno la siri wala kubofya popote.

Cha pili ni kuendeshwa kwa maandishi. Njia iliyozoeleka ni itifaki ya SSH, iliyobuniwa mwaka wa 1995 na Tatu Ylönen, mtafiti katika chuo kikuu kimoja nchini Finland. Mwaka wa 1999 watengenezaji wa mfumo wa OpenBSD walitoa OpenSSH, programu ya bure ambayo leo hupatikana karibu katika kila seva. Kwa kuwa hupitisha maandishi pekee, na kwa njia iliyofumbwa wasiweze kuyasoma wadukuzi, SSH hufanya kazi hata pale intaneti inapokuwa hafifu, na hata kwenye simu ya mkononi ukiwa ndani ya matatu.

Kipimo cha tatu ni marekebisho. Mfumo wowote ulioungwa na intaneti huhitaji marekebisho ya usalama mara kwa mara. Ule unaofaa ni ule unaoyaweka marekebisho hayo wenyewe, bila kukubadilishia mambo mengine uliyokwisha kuyapanga.

Cha nne ni umri. Kila toleo la mfumo huwa na siku ambapo watengenezaji wake huacha kulihudumia. Siku hiyo ikifika, utalazimika kuhamia toleo jipya, na uhamiaji unaofanywa kutoka mbali ndio hatari kuu kuliko zote. Kadiri toleo linavyoishi miaka mingi, ndivyo unavyojiepusha na hatari hiyo.

Tukiwa na vipimo hivyo mkononi, na tuwatazame watahiniwa.

Aghalabu kisanduku kuukuu huwa tayari kina Windows. Kishawishi cha kuiacha ni kikubwa, lakini huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho tarakilishi nyingi za zamani hazina. Fauka ya hayo, toleo la Home halikuruhusu kuingia kutoka mbali kwa huduma ya Remote Desktop; hilo ni la toleo la Pro. Windows iliundwa kwa ajili ya mtu aliyeketi mbele ya skrini. Inafaa tu ikiwa duka la baba linategemea programu ya hesabu isiyokubali mfumo mwingine.

Wengi wanaoendesha seva zao wenyewe hutumia Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland. Hutolewa bure. Tatizo ni kwamba Linux si mfumo mmoja bali ni ukoo mzima, na watoto wa ukoo huo wana tabia tofauti.

Wapo walio na pupa ya mambo mapya. Arch Linux haina matoleo ya mwaka. Programu zake hubadilika kila zinapotoka. Fedora hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miezi sita, na kila toleo huhudumiwa kwa muda wa miezi 13 hivi. Hii ni mifumo mizuri kwa fundi aliye na mashine mbele yake. Kwa seva iliyo kabatini Mombasa, mabadiliko ya kila wiki ni sawa na kumwalika mgeni asiyejulikana nyumbani kwa wazazi wako kila wiki.

Hatari ya pupa ilidhihirika Machi 2024. Mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwa SSH katika mashine aliyokuwa akiifanyia majaribio kulichelewa kwa karibu nusu sekunde. Alipochunguza, alibaini kwamba mtu alikuwa amepachika mlango wa siri ndani ya programu ndogo ya kukandamiza faili iitwayo xz, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Mlango huo ulikusudiwa kumwezesha mvamizi kuingia katika seva za watu kupitia SSH hiyohiyo.

Matoleo hayo yenye sumu yalikuwa yamekwisha kuingia katika matawi ya majaribio ya Debian na Fedora. Hayakuwa yameingia katika toleo thabiti la Debian, ambalo hukawia kupokea mambo mapya. Ukawiaji ambao watu huucheka ndio uliowakinga wenye seva.

Kundi la pili ni la mifumo yenye kampuni nyuma yake. Hapa kuna kisa cha kutuzindua. CentOS ilikuwa kipenzi cha wenye seva kwa miaka mingi kwa kuwa ilifuata mfumo wa kulipiwa wa kampuni ya Red Hat, nayo ikatolewa bure. Toleo la 8 lilitoka mwaka wa 2019, na watu wakaliweka wakitarajia kwamba lingehudumiwa hadi 2029. Mnamo Desemba 2020 ilitangazwa kwamba huduma yake ingekoma mwisho wa 2021. Miaka minane ya matarajio ikayeyuka, na wenye seva wakalazimika kuhama.

Pengo hilo lilizibwa mwaka wa 2021 na AlmaLinux pamoja na Rocky Linux, ambazo matoleo yake huahidiwa kuhudumiwa kwa takriban miaka 10. Kwa anayefanya kazi na mifumo ya Red Hat ofisini, mojawapo ya hizi ni chaguo la busara. Hata hivyo, funzo linabaki: kabla ya kuchagua mfumo, uliza pia ni nani mwenye uwezo wa kuufuta.

Ndipo tunapofika kwa Debian. Ilianzishwa mwaka wa 1993 na Ian Murdock, na haimilikiwi na kampuni yoyote. Huendeshwa na watu wa kujitolea kutoka pembe mbalimbali za dunia. Toleo thabiti hutoka takriban kila miaka miwili. La 13, lipewalo jina la Trixie, lilitoka Agosti 9, 2025. Kila toleo huhudumiwa kwa miaka mitatu, kisha huongezewa miwili ya huduma ndefu, jumla miaka mitano.

Wakati wa kuiweka, Debian hukuuliza unataka kuandamana na nini. Ondoa alama kwenye mazingira ya madirisha na picha, kisha uweke alama kwenye seva ya SSH. Utabaki na mfumo mwepesi unaoweza kufanya kazi kwenye kumbukumbu isiyofika gigabaiti moja, na usio na programu za ziada za kuharibika. Tahadhari moja: tangu toleo la 13, Debian haiwekwi tena kwenye tarakilishi za kale za biti 32. Hakikisha kisanduku chako ni cha biti 64.

Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004, imejengwa juu ya Debian. Matoleo yake ya huduma ndefu, yenye alama ya LTS, hutoka Aprili ya kila mwaka wa pili na huhudumiwa kwa miaka mitano. Mtu binafsi anaweza kujisajili bure kwa huduma ya Ubuntu Pro, kwa mashine zisizozidi tano, na kuurefusha muda huo hadi miaka 10.

Kuna mambo mawili ambayo Ubuntu humrahisishia aliye mbali. Kwanza, katika toleo lake la seva, marekebisho ya usalama hujiweka yenyewe tangu mwanzo. Katika Debian unapaswa kuhakikisha wewe mwenyewe kwamba programu iitwayo unattended-upgrades ipo na inafanya kazi. Pili, ina amri ya netplan try. Amri hii hujaribu mabadiliko ya mtandao, na usipoyathibitisha ndani ya sekunde 120 huyafuta na kurudisha hali ya awali. Kwa mtu anayeweza kujifungia nje kwa kosa la herufi moja, hiyo ni neema. Hata hivyo, nyuma ya Ubuntu kuna kampuni, na kisa cha CentOS hakijasahaulika.

Wapo pia wanaopendelea kijitarakilishi cha Raspberry Pi, kilichoanza kuuzwa mwaka wa 2012. Mfumo wake wa Raspberry Pi OS ni Debian iliyorekebishwa, na kifaa chenyewe huwaka punde tu umeme unaporudi. Udhaifu wake mkubwa ni kadi ndogo ya kumbukumbu, ambayo huchakaa kwa kuandikwa mfululizo na huweza kuharibika umeme unapokatika ghafla. Anayekitumia kama seva na aweke mfumo kwenye diski ya SSD.

FreeBSD nayo si Linux. Ni mfumo wa ukoo mwingine, nao pia ulianza mwaka wa 1993, na husifiwa kwa uthabiti na kwa namna unavyolinda faili kupitia ZFS. Anayetaka kusimamia diski nyingi kwa kubofya kwenye kivinjari anaweza kutazama TrueNAS, ingawa hiyo huhitaji kumbukumbu ya angalau gigabaiti 8. Kwa kisanduku kimoja chenye diski moja, ni kutumia jahazi kuvukia kijito.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, asiye na mazoea na mfumo wowote na achague toleo thabiti la Debian. Anayeogopa kujifungia nje, au anayetaka miaka 10 bila kuhama, na achague Ubuntu LTS. Lakini ikiwa tayari unaufahamu vyema mojawapo ya mifumo mingine yenye umri mrefu, baki nao. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na saa nane za usiku si wakati wa kujifunza tabia za zimwi geni.

Hata hivyo, mfumo bora ukiwekwa vibaya utakupandisha basi vilevile. Kuna mitego minne ambayo huwanasa wengi.

Mtego wa kwanza hata si wa mfumo, bali ni wa mipangilio ya msingi ya kisanduku, ile inayofunguliwa kabla ya mfumo kuanza. Humo mna swali kuhusu mashine ifanye nini umeme unaporudi. Nyingi hubaki zimezimwa hadi zibonyezwe, zipangie ziwake. Nyingine hulalamika kwamba kibodi haipo na kukataa kuendelea. Iondoe amri hiyo pia.

Hapa wanaotumia vipakatalishi hujidanganya. Ni kweli kwamba betri huwavusha umeme unapokatika kwa muda mfupi. Lakini Agosti 25, 2023, giza lilipotanda karibu kote nchini kwa saa nyingi, betri haingetosha. Betri ikiisha kabisa, kipakatalishi kingi hakiwaki chenyewe umeme urudipo. Baadhi vina mpangilio wa kuwaka vinapopata umeme, vingine havina. Chunguza kabla ya kukitegemea.

Mtego wa pili ni diski ya nje. Linux ikiandikiwa katika faili ya fstab kwamba kuna diski fulani, huingoja kwa takriban sekunde 90 wakati wa kuamka. Ikikosekana, labda kwa kuwa mtoto ameuchomoa waya, mfumo huingia katika hali ya dharura na kusubiri mtu mwenye kibodi. SSH haitakuwa imeanza. Dawa ni neno moja, nofail, linaloandikwa katika mstari wa diski hiyo. Neno hilo huuambia mfumo uendelee na safari hata diski isipopatikana.

Mtego wa tatu ni ufumbaji wa diski. Kuifumba diski nzima ni kinga nzuri dhidi ya mwizi, lakini mashine itangoja neno la siri kila inapowaka. Suluhisho jepesi ni kuuacha mfumo wazi na kuifumba diski ya data pekee. Umeme ukirudi, mashine huamka, nawe unaingia kwa SSH na kuifungua diski ukiwa Nairobi. Mwizi akiibeba, atapata chuma tu. Hatimiliki na picha hazitasomeka.

Mtego wa nne ni mlango wenyewe. Watoaji wengi wa intaneti ya nyumbani huwaweka wateja kadhaa nyuma ya anwani moja, hivyo seva haiwezi kuitwa kutoka nje. Njia ya kulikwepa tatizo hili ni kuifanya seva yenyewe ianzishe mawasiliano, kupitia njia ya siri kama WireGuard, ambayo imekuwa sehemu ya kiini cha Linux tangu Machi 2020. Unaweza kukodi seva ndogo mtandaoni iwe kituo cha kukutania, au kutumia huduma kama Tailscale iliyojengwa juu ya WireGuard. Vyovyote iwavyo, kataza kabisa kuingia SSH kwa neno la siri. Tumia funguo za kidijitali, kwani roboti za wavamizi hubisha hodi katika kila anwani iliyo wazi.

Aidha, usibadilishe mipangilio ya mtandao kutoka mbali bila kujiwekea kamba ya kurudia. Ikiwa huna netplan try, fanya badiliko la muda bila kulihifadhi, na uipange mashine ijiwashe upya baada ya dakika 10. Ukijifungia nje, itaamka na mipangilio ya zamani. Ukifaulu, utaufuta mpango huo na kuhifadhi badiliko.

Baada ya yote hayo, kuna mtihani mmoja ambao haupaswi kurukwa. Kabla ya kuondoka nyumbani kwa wazazi, chomoa waya wa umeme mashine ikiwa inafanya kazi. Ngoja kidogo, urudishe, na usiiguse. Toka nje, zima intaneti ya nyumba kwenye simu yako, utumie ya rununu, kisha ujaribu kuingia. Rudia mara tatu. Fanya hivyo tena bila diski ya nje. Jaribio hilo linaweza kuitia hitilafu mashine, na ndiyo maana hufanywa kabla ya picha na stakabadhi kuhamishiwa humo. Heri ikwame ukiwa hapo.

Iliyofaulu mtihani huo sasa yaweza kuruhusiwa hata kujiwasha upya yenyewe saa tisa za usiku baada ya marekebisho makubwa. Isiyofaulu haiko tayari, hata ikiwa imewekewa mfumo unaosifiwa na ulimwengu mzima.

Isisahaulike pia kwamba seva moja si hifadhi. Diski hufa, na nyumba huvujiwa na mvua. Nakala ya pili ya hatimiliki na picha hizo sharti ikae mahali pengine, mbali na sebule hiyo.

Mwisho, bandika kikaratasi juu ya kisanduku na uandike kwa herufi kubwa: "Mama, nikikuomba, chomoa waya huu mweusi, hesabu hadi 30, kisha uurudishe." Mfumo uliochaguliwa na kupangwa vyema hautahitaji msaada mwingine zaidi ya huo.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, ni kweli. Lakini mwenye busara huchagua mapema fimbo ya kuacha nyumbani, na huijaribu kabla ya kufunga safari.